Sodiamu ya Chini kwenye Seramu Nyeupe: Kutafuta Kosa Liko Wapi

Mashine imetoa sodiamu 121 mmol/L, wakati kawaida ni karibu 140. Kontroli za asubuhi (sampuli za kujaribia mashine ambazo jibu lake linajulikana) zilipita, sampuli zilizotangulia na zilizofuata zina majibu ya kawaida, na ukiinua mrija unaona seramu (kimiminika kinachobaki damu ikiganda) ni nyeupe na haipitishi mwanga. Wodini mgonjwa anakula, anaongea, anauliza ataruhusiwa lini. Hapo mtu wa maabara mwenye uzoefu husema haraka, "Ni mafuta hayo," na mara nyingi huwa amepatia. Shida ni zile mara nyingine.

Makosa yanayotokea hapa ni ya aina mbili. La kwanza linajulikana: namba ya uongo inaaminiwa, mgonjwa anazuiwa kunywa maji au anatundikiwa dripu ya chumvi ya asilimia 3, na sodiamu iliyokuwa salama inapandishwa hadi kwenye hatari. La pili halizungumzwi sana. Sodiamu imeshuka kweli, lakini kwa kuwa mrija ni mweupe kila mtu anatulia, hakuna anayerudia kipimo, na baada ya saa chache mgonjwa anapata degedege. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wataalamu wa maabara na madaktari wa wodini ili kuyakwepa yote mawili. Weupe wa seramu unakupa sababu ya kushuku tu. Uamuzi unapatikana kwa kuuliza kama mafuta yaliyomo yanatosha kuueleza upungufu wote unaouona.

Mashine inadanganyika wapi

Sodiamu hukaa kwenye maji ya plazima, yaani kimiminika cha damu. Haimo ndani ya mafuta wala protini. Katika lita moja ya plazima ya mtu wa kawaida, takribani mililita 930 ni maji, na nafasi iliyobaki imeshikwa na protini pamoja na mafuta. Ndani ya maji yenyewe sodiamu iko karibu 150 mmol kwa lita. Ukiigawa kwa lita nzima ya plazima unapata ile 140 tuliyoizoea.

Mashine nyingi kubwa za kemia huzimua sampuli kwanza. Hunyonya ujazo mdogo uliopimwa, hulichanganya tone hilo na kimiminika kingi, kisha ndipo elektrodi, yaani kihisi cha sodiamu, inaposoma. Hii ndiyo njia isiyo ya moja kwa moja. Hesabu yake yote imesimama juu ya dhana moja: kwamba asilimia 93 ya kile kilichonyonywa ni maji. Seramu ikijaa mafuta hadi maji yakabaki asilimia 85, mashine imenyonya maji pungufu, na kwa hiyo sodiamu pungufu, lakini inaendelea kuhesabu kana kwamba hakuna kilichobadilika. Elektrodi haijakosea, imesoma kwa uaminifu kilicholetwa mbele yake. Ndiyo maana kontroli zinapita, na ndiyo maana kufanya kalibresheni upya, kubadilisha elektrodi au kumwita fundi hakutasogeza namba hata kidogo. Fotometa za moto za zamani nazo zilikuwa na kasoro hiyohiyo, kwa kuwa nazo zilizimua. Jambo hili limeelezwa katika majarida ya tiba tangu miaka ya 1950.

Njia ya moja kwa moja huigusa sampuli kama ilivyo, bila kuizimua. Elektrodi inahisi sodiamu iliyomo kwenye maji, na mafuta yanayoelea pembeni hayaihusu. Mashine za gesi za damu hupima hivi, i-STAT (kifaa kidogo cha kushika mkononi) hupima hivi, slaidi kavu za mashine za VITROS hivyohivyo, na pia mashine nyingi ndogo za elektroliti zinazokaa mezani katika hospitali za wilaya. Kwa sampuli hizi, basi, hospitali ndogo inaweza kuwa na jibu la kuaminika kuliko hospitali ya rufaa yenye mashine ya mamilioni. Lakini usibahatishe mashine yako iko upande gani. Fungua kijitabu chake na utafute sehemu inayoeleza namna elektroliti zinavyopimwa. Baadhi ya mashine za mezani zina njia ya kuzimua kwa ajili ya mkojo, na mtu akiiacha imewashwa, faida yote inapotea.

Kabla ya yote: je, mafuta yanatosha?

Hesabu ya haraka ni hii. Kila gramu 10 za mafuta katika lita ya plazima huchukua nafasi ya takribani asilimia moja ya maji, na asilimia moja ya maji ni kama 1.5 mmol/L ya sodiamu. Gramu 10 kwa lita ni sawa na trigliseridi (aina kuu ya mafuta yanayoifanya seramu kuwa nyeupe) 1000 mg/dL, au takribani 11.3 mmol/L. Kwa hiyo kila 1000 mg/dL ya trigliseridi inaeleza kushuka kwa sodiamu kwa kama 1.5 mmol/L. Trigliseridi hazisafiri peke yake. Kolesteroli na fosfolipidi huja nazo, na hizo pia hula nafasi. Kwa tahadhari mimi huchukulia kwamba kikomo cha juu ni maradufu, yaani 3 mmol/L kwa kila 1000 mg/dL.

Sasa tazama maana yake. Seramu huanza kuwa na ukungu unaoonekana kwa macho trigliseridi zikiwa kwenye 300 mg/dL hivi. Mgonjwa aliyekula chipsi kabla ya kutolewa damu anaweza kuwa na mrija wa kutisha kwa macho, lakini ukipima unakuta 500 mg/dL, ambayo inaeleza 1 mmol/L, au tuseme 2 kwa ukarimu. Kama sodiamu yake ni 121, mafuta hayo hayana hatia. Sodiamu imeshuka kweli na daktari anapaswa kupigiwa simu kama kwa jibu lolote la hatari. Ili mafuta peke yake yaivute 140 hadi 125, unahitaji trigliseridi za maelfu kadhaa ya mg/dL: damu ambayo hata kabla ya kuzungushwa inaonekana na rangi ya waridi, na ambayo ikishatulia huacha utando mweupe kwenye ukuta wa mrija.

Trigliseridi zenyewe zipime kwa uangalifu. Kiwango kikipita uwezo wa mashine, kitendanishi (kemikali ya kipimo) huisha kabla ya kazi kuisha na namba hutoka ndogo kuliko ukweli. Ukiona alama ya kuvuka kikomo, zimua kwa chumvi ya kawaida ya asilimia 0.9, rudia, na uzidishe. Kuzimua kunafaa kwa trigliseridi. Kwa sodiamu ni kazi bure, na nitaeleza sababu hapo chini kwa kuwa watu wengi huteleza hapo.

Dalili: sodiamu ni ya chini, seramu ni nyeupe, mgonjwa hana tatizo

Hii ndiyo sura ya kawaida. Usirudie kwenye mashine ileile ukitegemea muujiza. Itakupa jibu lilelile. Chukua sampuli hiyohiyo, au omba damu mpya kwenye sirinji yenye heparini ya lithiamu iliyosawazishwa kwa elektroliti, uipime kwa njia ya moja kwa moja. Kama hospitali ina mashine ya gesi za damu ICU au chumba cha upasuaji, jibu linapatikana kwa dakika chache.

Ikitoka 138 ambapo mashine kubwa ilisema 121, na trigliseridi ni za maelfu, umepata ufumbuzi: ni upungufu bandia. Zikitoka 122 na 121, sodiamu imeshuka kweli, mrija uwe mweupe namna gani. Gumu zaidi ni la katikati, pale mashine kubwa inaposema 121 na ya gesi inasema 129. Hapo mafuta yamechukua sehemu na ugonjwa umechukua sehemu. Usilazimishe kisa kiwe cha upande mmoja.

Mfano wa hesabu. Mgonjwa wa kisukari: sodiamu 122 kwa njia isiyo ya moja kwa moja, sukari 20 mmol/L, urea 5 mmol/L, protini 70 g/L, na mafuta yote pamoja kama 60 g/L. Kanuni inayotumika kukadiria maji ya plazima kwa asilimia ni 99.1, toa mafuta (g/L) mara 0.1, toa protini (g/L) mara 0.07. Tunapata 99.1 − 6.0 − 4.9, yaani 88.2. Sodiamu iliyorekebishwa ni 122 × 93 ÷ 88.2, sawa na karibu 129. Mafuta yameeleza 7. Bado kuna sukari: ile iliyozidi huvuta maji kutoka ndani ya seli na kuishusha sodiamu kweli, kwa 1.6 hadi 2.4 mmol/L kwa kila 5.6 mmol/L ya sukari juu ya kawaida. Sukari 20 inaeleza 4 hadi 6 nyingine. Ukiijumlisha unafika 133 mpaka 135, na hapo ndipo mgonjwa atakapokuwa mafuta na sukari vikishashuka. Anayehitaji insulini na maji ya kawaida ya mishipani angepewa chumvi ya asilimia 3 kwa sababu ya ile 122.

Dalili: sodiamu ni ya chini, seramu ni nyeupe, na mgonjwa amechanganyikiwa au ana degedege

Hapa maabara haina muda wa kupendezwa na mafuta. Toa taarifa mara moja ukisema mambo mawili kwa pamoja: namba ni hii, na sampuli ni ya mafuta mengi hivyo inathibitishwa kwa njia nyingine. Kisha kimbiza sampuli kwenye mashine ya gesi. Uamuzi wa kumtibu ni wa daktari aliye kitandani, naye anaweza kuamua kutosubiri. Kosa ni kulishikilia jibu nusu saa nzima mkihangaika kulisafisha.

Kumbuka pia kwamba trigliseridi zinazopita 1000 mg/dL zinaweza kuleta uvimbe wa kongosho, na mgonjwa wa kongosho hutapika, hupoteza maji na chumvi, na huweza kuwa na upungufu wa kweli juu ya ule bandia. Jambo la pembeni lakini lenye uzito: mafuta hayohayo yanaweza kuifanya amilesi, kimeng'enya cha kongosho, isomeke ya kawaida wakati kongosho limewaka. Daktari akikuambia tumbo linauma sana lakini amilesi ni nzuri, mwambie seramu ilikuwa nyeupe.

Dalili: majibu yanabadilika kila ukirudia

Unapata 128, kisha 119, kisha 131, kwenye mrija uleule. Huu si mwenendo wa upungufu bandia wa kawaida. Huo hutulia mahali pamoja. Mara nyingi mafuta yamejitenga na kupanda juu, na sindano ya mashine inanyonya kutoka kwenye tabaka tofauti kila mara. Mrija uliokaa kwenye raki kwa saa mbili umekwisha kugawanyika. Uchanganye taratibu kwa kuupindua, upime mara moja, na uone kama majibu yanatulia. Yasipotulia, tafuta nyuzi za fibrini (protini ya damu iliyoganda) zinazoziba sindano, hasa kwa mgonjwa anayetumia heparini ambaye damu yake haikuganda vizuri kabla ya kuzungushwa.

Dalili: sodiamu ni ya chini, seramu ni safi kabisa, mgonjwa hana tatizo

Usiache kushuku kwa sababu tu unaona kupitia mrija. Protini nayo hula nafasi ya maji bila kuifanya seramu kuwa nyeupe. Mgonjwa wa myeloma (saratani ya damu inayozalisha protini nyingi) mwenye protini 120 g/L ana maji asilimia 90 hivi, na 140 yake itasomeka 135 au 136. Wanaopewa immunoglobulini (protini za kinga) kwa mshipa huweza kupata hali kama hiyo. Angalia protini jumla na albumini (protini kuu ya plazima). Pengo kati yake likiwa kubwa mno, umepata pa kuanzia.

Kisa kinachowapita wengi ni cha mgonjwa mwenye manjano ya muda mrefu kutokana na njia za nyongo kuziba. Mwili wake unaweza kutengeneza chembe inayoitwa lipoprotini X, iliyojaa fosfolipidi na kolesteroli huru. Chembe hii haitawanyi mwanga kama zile zenye trigliseridi. Seramu inabaki angavu, ya njano tu; kiashiria cha mafuta cha mashine kinasema hakuna kitu; trigliseridi ni za kawaida; lakini kolesteroli iko juu ajabu na sodiamu inasomeka chini. Hata kanuni ya hesabu niliyotoa hapo juu haitakusaidia ipasavyo, kwa kuwa haikuundwa kwa mchanganyiko wa namna hiyo. Pima kwa njia ya moja kwa moja.

Kabla ya kufika kwenye hayo yote, ondoa lililo jepesi. Damu iliyotolewa juu ya mkono wenye dripu ya dextrose ya asilimia 5 itakuwa na sodiamu ya chini na sukari ya juu isiyolingana na mgonjwa. Muulize nesi mkono upi ulitumika.

Dalili: sodiamu ni ya kawaida, lakini seramu ni nyeupe sana

Hii haitoi mlio wowote kwenye mashine na ndiyo maana ni mbaya. Namba 140 kwenye seramu ambayo maji yake ni asilimia 86 maana yake ni kwamba sodiamu halisi ni kama 151. Mgonjwa amekaukiwa maji na karatasi inasema yuko sawa. Kwa hiyo uamuzi wa kuthibitisha usifungwe kwenye majibu ya chini tu. Seramu ikiwa nyeupe kupindukia, sodiamu yoyote iliyotoka kwenye mashine ya kuzimua ni ya mashaka, iwe nzuri au mbaya.

Dalili: mashine mbili hazikubaliani, na hakuna mafuta

Tofauti ya 2 au 3 mmol/L kati ya mashine mbili haipaswi kukunyima usingizi. Ikizidi hapo kwa mgonjwa wa ICU, wa figo linalovujisha protini, au mtoto mwenye utapiamlo mkali, angalia albumini. Protini ikiwa chache, maji ya plazima yanazidi asilimia 93 na mashine ya kuzimua inasoma juu kuliko ukweli. Kwa protini 40 g/L, sodiamu halisi ya 131 itatokea 135 na kupita kama ya kawaida. Ni kosa lilelile la mafuta lililogeuzwa kichwa chini.

Kama ni mashine ya gesi inayosoma ovyo, uliza sirinji ilitayarishwaje. Heparini ya maji iliyovutwa kwa mkono na kubaki nyingi kwenye sirinji huizimua damu. Na ikiwa ni heparini ya sodiamu, inaongeza sodiamu yake yenyewe. Mrija wenye sitrati ya sodiamu au floridi ya sodiamu usiupime kabisa.

Ushahidi kutoka pembeni

Kama maabara ina osmomita inayopima kwa kugandisha, itumie. Osmolaliti, yaani wingi wa chembe zilizoyeyuka, hupimwa kwa kilo ya maji na haisumbuliwi na mafuta wala protini. Kawaida ni 275 hadi 295 mOsm/kg. Hesabu ya makadirio ni sodiamu mara mbili, jumlisha sukari na urea, vyote kwa mmol/L. Iliyopimwa ikizidi ya makadirio kwa zaidi ya 10 hivi, na iliyopimwa yenyewe ni ya kawaida, upungufu bandia unawezekana sana. Lakini pengo hilohilo huletwa na pombe, methanoli au manitoli, na mlevi mwenye trigliseridi za juu ni mgonjwa wa kila wiki, kwa hiyo osmolaliti peke yake isikufanye ufunge faili. Osmolaliti ikiwa juu, fikiria sukari. Ikiwa chini, sodiamu imeshuka kweli.

Meza ya hematolojia nayo ina habari. Mafuta hutawanya mwanga na kuipandisha himoglobini kwa uongo, hivyo MCHC (wastani wa himoglobini ndani ya seli nyekundu) inaruka kupita 36 g/dL. Mwenzako akilalamika kuhusu MCHC isiyowezekana ya mgonjwa huyohuyo, mmeshika ncha mbili za kamba moja. Kwenye kemia, kloridi hushuka kwa uwiano uleule na sodiamu. Potasiamu pia hushuka, ila asilimia 8 ya 4.0 ni 0.3 tu na hakuna anayeiona. Bikaboneti iliyopimwa kwa kimeng'enya inaweza kusomeka chini mno kwa sababu ya ukungu wenyewe, ikamfanya daktari atafute asidi ambayo haipo. Ilinganishe na ile ya mashine ya gesi.

Kuondoa mafuta pale ambapo hakuna mashine ya moja kwa moja

Kwanza, usizimue. Kosa limetokea kwenye kunyonya, kabla elektrodi haijaona chochote. Ukizimua seramu mara mbili kwa maji, ukapima, ukazidisha kwa mbili, umezidisha kosa pamoja na jibu, na unarudi palepale. Wanaozimua huwa wameizoea dawa hiyo kwenye vipimo vya rangi, ambako ukungu unazuia mwanga na kuzimua kunapunguza ukungu.

Kinachosaidia ni kuyatoa mafuta. Sentrifuji ya kawaida ya kutenganishia seramu haina nguvu ya kutosha. Ile ndogo ya mirija midogo, inayofika 10,000 g, hufanya kazi nzuri kwa dakika 15, hasa kwa mafuta yaliyotoka kwenye chakula. Mafuta yatapanda na kuwa utando juu. Penyeza ncha ya pipeti hadi chini, nyonya seramu iliyo angavu, uhamishie kwenye mrija mpya na upime. Sodiamu ikipanda baada ya hapo, ilikuwa mafuta. Ikibaki ileile na seramu imekuwa safi, haikuwa mafuta. Seramu hiyo iliyosafishwa usiitumie kupima trigliseridi wala kolesteroli, na pia iepuke kwa dawa zinazoyeyuka kwenye mafuta.

Bila sentrifuji hiyo, tenga seramu na uiweke kwenye jokofu usiku mzima. Mafuta ya chakula yatapanda juu kama tui lililolala, na chini kutabaki angavu. Seramu ikibaki na ukungu wa namna moja kutoka juu hadi chini, ni chembe ndogo ambazo ini limezitengeneza, na hizo hazitoki kirahisi. Weka seramu iliyotengwa, kamwe si damu nzima: damu nzima ikilala kwenye baridi hutoa potasiamu kutoka kwenye seli, na utakuwa umetatua tatizo moja kwa kutengeneza jingine.

Mafuta yametoka wapi

Mkono wa dripu uchunguzwe kwanza kwa mara nyingine. Mgonjwa anayelishwa kwa mshipa kwa mchanganyiko wa mafuta, au aliyelazwa usingizi kwa propofoli ambayo imeyeyushwa kwenye mafuta, anaweza kutoa mrija mweupe kabisa ikiwa damu ilitolewa kwenye laini hiyo au muda mfupi baada ya dawa. Omba damu ya mkono mwingine, na kama daktari anaruhusu, baada ya kusimamisha dripu kwa saa kadhaa.

Wengine ni kisukari kisichodhibitiwa, pombe, tezi ya shingo (thairoidi) inayofanya kazi pungufu, figo linalovujisha protini, ujauzito kwa wenye asili ya kuwa na mafuta mengi kwenye damu, watoto wanaotibiwa saratani ya damu kwa dawa ya asparajinesi, na watu wanaotumia dawa za VVU za kundi la vizuizi vya protease, hasa zenye ritonavir. Mtoto mchanga mwenye damu nyeupe bila sababu yoyote kati ya hizo anastahili kuchunguzwa ugonjwa wa kurithi wa kimeng'enya kinachovunja mafuta. Kumwambia mgonjwa aje kesho akiwa hajala kunafaa kwa mtu wa kliniki; kwa aliyelazwa akiwa na sodiamu 121 hakufai.

Jibu liandikweje

Usiitoe namba ya mashine kubwa peke yake, na usiitoe iliyorekebishwa kwa kanuni kana kwamba imepimwa. Kama njia ya moja kwa moja ipo, toa jibu lake na utaje njia. Maelezo mafupi yanatosha: "Sampuli ina mafuta mengi sana. Sodiamu imepimwa kwa mashine ya gesi za damu. Jibu la mashine ya kemia halijatolewa kwa sababu ya mwingiliano wa mafuta." Kama hakuna njia hiyo, andika kwamba sodiamu haiwezi kupimwa kwa uhakika kwenye sampuli hii, taja makadirio kama makadirio, na upige simu.

Kisha shikilieni njia moja kwa mgonjwa huyo hadi mafuta yashuke. Mgonjwa wa kisukari akianzishiwa insulini, trigliseridi zinaweza kuporomoka ndani ya siku moja au mbili, na sodiamu ya mashine kubwa itapanda kutoka 122 hadi 136 bila mwili kubadilika sana. Daktari anayefuatilia kikomo cha kuipandisha, ambacho kwa kawaida ni 8 hadi 10 mmol/L kwa saa 24, ataona kwenye chati kwamba amekivuka, atahofia ubongo kudhurika, na anaweza kuanza kumpa mgonjwa maji ili airudishe chini. Mruko huo hutokea pia zamu ya usiku ikitumia mashine ya gesi na ya mchana ikitumia mashine kubwa. Andikeni njia ya kipimo kando ya kila namba kwenye chati ya mgonjwa, na zamu inayokabidhi iiambie inayopokea ni mashine ipi inayofuatwa.